Vita na Afya ya Watu Wetu, Tangu Nkambo Hadi Wajukuu



Katika kitabu hiki wenzetu wamekwisha kueleza habari za kanisa letu, jiwe lake la kwanza, mapadri waliotutangulia, na kwaya zetu. Sisi walimu wa dini tulipewa kazi ndogo tu, yaani kutafuta katika vitabu vya parokia majina ya wakristu wa kwanza. Tulikaa siku nyingi katika ofisi ya Padri Paroko tukifungua vile vitabu vikubwa, kimoja cha ubatizo, kimoja cha maziko, ambavyo karatasi zake zimekuwa njano na kuliwa na mchwa pembeni. Ndipo tulipoona jambo ambalo hatukulitafuta. Kuna miaka ambamo mstari wa mtoto aliyebatizwa unafuatwa, baada ya miezi michache, na mstari wa mtoto yuleyule katika kitabu cha pili. Tulipoziweka tarehe pamoja, tuliona kwamba miaka hiyo ni ya vita, ama ni ile inayokuja nyuma ya vita. Na hakuna hata mmoja wa watoto hao aliyeandikwa kuwa alikufa kwa risasi. Mapadri waliandika: homa, kuhara, surua, njaa.

Basi tuliomba ruhusa ya kuandika habari hiyo. Si wote waliokubali. Mzee mmoja wa baraza la parokia, ambaye tunamheshimu kama baba, alituambia: "Wanangu, mnafukua nini? Wale waliokimbizana jana, leo wanakaa katika benchi moja wakati wa Misa. Acheni wafu walale." Maneno yake ni mazito, na hatukuyadharau. Lakini kadiri tulivyoendelea kusoma na kuuliza, tuliona kwamba jambo hili si la wafu peke yao. Ni la watu walio hai, na hata la wale ambao hawajazaliwa.

Mji wetu ulianza mwaka 1910, wakati reli ilipofika kutoka kusini. Haukuwa na miaka mitano ulipokutana na vita vya kwanza. Tangu 1914 mpaka 1918 Wabelgiji walipigana na Wadachi upande wa Tanganyika, na siku ya 19 Septemba 1916 askari wa Force Publique waliingia Tabora. Sifa za Tabora ziliimbwa sana. Wachukuzi hawakuimbwa. Watu karibu 260,000 wa Kongo walibeba risasi, unga na mizigo ya wazungu vichwani, na wengi wao walikufa njiani kwa kuhara damu, kwa baridi ya kifua na kwa kuchoka, kuliko waliokufa vitani. Waliobaki walirudi vijijini pamoja na magonjwa ya kambi. Huko walikuta mashamba ya miaka miwili au mitatu hayakulimwa, kwa sababu kazi ya kukata miti na kufungua shamba jipya ni ya wanaume, na wanaume walikuwa wamekwenda. Kisha, mwisho wa 1918, homa kali ambayo dunia yote iliiita ya Hispania ilipanda kwa reli kutoka kusini ikaingia Elisabethville. Ilikuta miili iliyokwisha kudhoofika. Mara nyingi vita hufanya hivi: hufungua mlango, kisha magonjwa huingia.

Vita vya pili vya dunia, 1939 hadi 1945, havikufika hapa kwa bunduki, ila kwa kazi nyingi zaidi na jasho zaidi. Lakini kuna jambo moja lililotoka kwetu ambalo wageni wetu pengine hawalijui. Uranium nyingi ya bomu lililoanguka juu ya Hiroshima siku ya 6 Agosti 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, na watu wa nchi hii. Wanganga wamewafuata watu wa Hiroshima na Nagasaki mpaka siku hizi zetu. Kansa ya damu ilitokea miaka michache baadaye, na kansa nyingine baada ya miaka makumi. Watoto waliokuwa tumboni mwa mama zao siku ile, wengine walizaliwa wenye kichwa kidogo na akili isiyokomaa. Kwa watoto waliotungwa mimba nyuma ya bomu, wanganga walitafuta sana lakini hawakuona wazi kwamba wazazi waliwarithisha ugonjwa. Hata hivyo, miaka mingi vijana hao waliogopwa, na ndoa zao zikawa na shida. Tuliposoma hayo tulitazamana, maana nasi tunazijua nyumba ambazo watu husema juu yao: "Usioe kule, kule wana damu mbaya."

Sasa tufike kwa vita vyetu wenyewe.

Siku ya 11 Julai 1960 Bwana Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga ni nchi peke yake. Hatuandiki hapa kwa kuhukumu siasa ya siku zile. Wako wazee wetu waliopiga vigelegele siku ile, na wako waliolia, na wote wawili tumewazika kwa sala zilezile. Tunatazama tu jambo lililotokea kwa miili ya watu. Kaskazini ya Katanga vijiji viliteketezwa. Huko Kasai ya Kusini, Baluba waliokimbia Luluabourg tangu 1959, pamoja na wengine waliotoka huku kwetu, walijazana mahali ambapo chakula hakikuwatosha hata wenyeji. Katika Agosti 1960 askari wa jeshi la taifa waliingia Bakwanga, mji ambao leo ni Mbuji-Mayi. Mwisho wa mwaka ule watu karibu 200 walikuwa wakifa kila siku kwa njaa katika nchi ile, na wengi wao walikuwa watoto.

Ugonjwa uliowaua unaitwa kwashiorkor. Ndugu zetu wa Kivu wanauita bwaki. Jina kwashiorkor limetoka katika lugha ya Waga wa Ghana, na munganga mwanamke, Cicely Williams, ndiye aliyelitia katika vitabu vya uganga miaka ya 1930. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto anayeondolewa ziwani kwa sababu mdogo wake anakuja. Mama zetu hawahitaji kuelezwa. Mtoto ameachishwa ziwa, naye anapewa bukari ya mihogo peke yake, bila maharagi, bila samaki, bila maziwa. Tumbo linajaa, lakini mwili haupati kitu cha kujijengea. Nywele zinakuwa nyekundu, miguu inavimba, ngozi inabambuka, na mtoto anaacha kucheka. Yule anayemwona amevimba husema: ananenepa. Tumewahi kusikia neno hilo katika nyumba tulizozitembelea, na tunaona haya kukiri kwamba siku moja sisi wenyewe tulimwambia mama mmoja awe na subira na asali, kabla ya kumwambia abebe mtoto na kukimbia kwa munganga. Mtoto yule alipona. Lakini hakuponea kwetu.

Hapa mjini, mwisho wa Agosti 1961, Baluba wengi walioogopa maisha yao walikimbilia karibu na kambi ya askari Waswedi wa ONU. Katika Septemba walikuwa wamepita 35,000, na waliendelea kuongezeka. Mama mmoja wa jumuiya yetu alizaliwa katika kambi ile mwanzo wa 1962. Mama yake alimsimulia namna walivyolala chini ya magunia na mikeka, foleni ya maji tangu alfajiri, maziwa ya unga yaliyogawiwa kwa kikombe, na mvua za Desemba zilizoingia kila mahali. Katika Desemba ileile vita vilipiganwa katika barabara za Elisabethville kwa siku nyingi, kati ya ONU na askari wa Katanga. Mabomu yalianguka hata juu ya lupitalo ya Shinkolobwe. Siku ya 13 Desemba 1961 Georges Olivet, mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu katika mji wetu, aliuawa pamoja na wenzake wawili, naye alikuwa ndani ya gari la wagonjwa lenye alama yake. Mtu kama huyo akiuawa, wanaokosa msaada si wale wa siku hiyo tu. Katikati ya mwaka 1962 wakimbizi walianza kurudishwa Kasai na Katanga ya Kaskazini, na kambi ikafungwa. Januari 1963 kujitenga kwa Katanga kulikwisha.

Mama yule aliyezaliwa kambini hakurudishwa. Mzazi wake aliolewa hapa. Leo ana zaidi ya miaka 60. Ni mfupi kuliko wadogo zake wote. Anatumia dawa za tansio na za sukari. Binti yake wa kwanza alizaliwa na kilo mbili tu. Zamani tungesema: ni mapenzi ya Mungu, au mabaya zaidi, tungetafuta nani amemroga. Lakini tazameni mambo ambayo wanganga wamegundua.

Katika baridi ya 1944 na 1945 Wadachi wa Ujerumani waliwafungia Waholanzi njia za chakula, watu wa miji wakafa njaa kwa miezi michache. Hapo njaa ilikwisha, wakala tena vizuri. Lakini walioanza maisha yao tumboni katika miezi ile walifuatwa mpaka uzee, na wakaonekana kuwa na ugonjwa wa sukari na wa moyo kuliko ndugu zao. Mtu atasema: hao ni wazungu, nchi yao ni nyingine. Basi twende Nigeria. Vita vya Biafra vilitokea tangu 1967 hadi 1970. Wanganga waliwapima watu wa Enugu walipokuwa na miaka karibu 40. Wale waliokuwa tumboni au wachanga wakati wa njaa walikuwa na tansio na sukari zaidi kuliko waliozaliwa nyuma ya vita. Na hapa Kongo, huko Lwiro katika Kivu, watu waliotibiwa bwaki wakiwa watoto kati ya 1988 na 2007 walitafutwa tena walipokuwa wakubwa. Walilinganishwa na wenzao wa vijiji vilevile, na ilionekana kwamba hawakufika mbali katika masomo kama wenzao, na kwamba akili yao katika majaribio ilikuwa imepungukiwa kidogo. Walipona, ndiyo, lakini ugonjwa uliacha alama.

Jambo hilo linafanyika namna gani? Tunalieleza kama tulivyoelezwa, kwa maneno yetu. Mtoto aliye tumboni anapokea habari za dunia kupitia mwili wa mama. Mama akiwa na njaa, mwili wa mtoto unajifunza kuweka akiba: unajenga ubongo kwanza, na figo na sehemu nyingine zinapata kidogo. Mwili huo umetayarishwa kwa dunia ya njaa. Halafu, kama anakulia mjini, penye mkate, mafuta na vinywaji vya sukari, ile akiba inamgeukia. Tena kuna jambo lililotushangaza kuliko yote. Mtoto wa kike, akiwa bado tumboni, mayai yake yote yamekwisha kutengenezwa ndani yake. Kwa hiyo bibi aliyekuwa na mimba katika kambi ya 1962 alibeba binti yake, na ndani ya binti alibeba mbegu ya mjukuu. Vizazi vitatu vilisimama pamoja katika foleni ile ya maji.

Na si njaa tu. Huko Goma, katika lupitalo ya HEAL Africa, wachunguzi waliwapima mama 25 na watoto wao wachanga, nao walitangaza matokeo mwaka 2012. Mama walioteswa zaidi na vita na hofu walizaa watoto wenye uzito mdogo, na katika damu ya watoto hao ilionekana alama juu ya sehemu moja ya urithi inayosimamia namna mwili unavyojibu hofu. Mama 25 ni wachache, na wachunguzi hawasemi kwamba kila kitu kimejulikana. Hata hivyo, mtu aliyefundisha katekisimu kwa watoto wa wakimbizi hataona ajabu sana. Katika darasa letu la Kipaimara tulikuwa na mvulana ambaye, mvua ya Novemba ikipiga radi, alikuwa akiingia chini ya benchi. Yeye hakuona vita hata siku moja. Baba yake ndiye aliyetoka Mitwaba kwa miguu.

Tumekwisha kutaja Mitwaba, nasi tuseme kwa ufupi yaliyo katikati. Mwaka 1977 na 1978 vita vya Shaba viliwafikia ndugu zetu wa Lualaba, na katika Mei 1978 mamia ya watu waliuawa Kolwezi. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengi walingoja treni kwa miezi katika stasioni na masomo, na watoto walikufa hapohapo na njiani kwa kuhara na surua. Jambo hili bado linauma katika parokia yetu, kwa pande zote, na yule mzee wetu alikuwa akifikiri hasa miaka hiyo. Hatutaongeza neno.

Kisha vilikuja vita vya 1998 hadi 2003, na nyuma yake mambo ya Mai-Mai katika nchi ya Manono, Mitwaba na Pweto, ambayo watu waliiita pembetatu ya kifo. Hata nyuma ya Gédéon kujitoa mikononi mwa ONU mwaka 2006, hofu ilirudi tena tangu 2011, na Machi 2013 wapiganaji waliingia mpaka Lubumbashi. Shirika la International Rescue Committee lilihesabu kwamba tangu Agosti 1998 mpaka Aprili 2007 watu milioni 5.4 walikufa katika Kongo zaidi ya wale ambao wangekufa katika amani. Wataalamu wengine walikataa hesabu hiyo wakisema imepita kiasi, na ni vizuri msomaji alijue hilo. Lakini katika jambo moja hawakushindana sana: sehemu ndogo tu ya watu walikufa kwa silaha. Wengine walikufa kwa malaria, kuhara, nimonia na njaa, na katika uchunguzi wa mwisho karibu nusu ya waliokufa walikuwa watoto ambao hawajatimiza miaka 5. Dispansari ikichomwa, friji ya chanjo inazimika. Friji ikizimika, surua haiji siku ileile. Inakuja baada ya miaka miwili au mitatu, wakati watu wanasema vita vimekwisha. Katanga iliona hayo katika 2011 na tena katika 2015, hasa upande wa Malemba Nkulu. Mwaka 2019 surua iliua zaidi ya watu 6,000 katika Kongo nzima. Na tunapoandika, ndugu zetu wa Goma na Bukavu, miji iliyotekwa mwanzo wa 2025, wanapita katika njia hiyohiyo.

Katika mji wetu lupitalo kubwa inaitwa kwa jina la Jason Sendwe. Watu wanamkumbuka kama kiongozi wa Balubakat aliyeuawa Albertville katika 1964. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya siasa kazi yake ilikuwa uganga. Tunapenda kulitaja hilo kwa sababu katika historia ya nchi hii wale waliotibu wanasahauliwa upesi, na wale waliopiga wanapewa barabara.

Kuna jambo linalotutia uchungu zaidi, na tunaomba mapadri wageni walisikie. Mtoto wa baba aliyevunjwa na vita hupata hasara mara mbili. Baba analia usiku, mchana anakunywa lutuku, anapiga watu wa nyumba. Mtoto anaanza kukojoa kitandani, hasemi, hashiki masomo. Ndipo anatokea mtu, mara nyingine mwenye Biblia mkononi, anayesema: mtoto huyu ni mlozi. Tumewaona watoto wa namna hiyo wakilala karibu na soko. Tena tumemwona mama, ambaye familia yake ilikimbia vita, akizuiliwa baada ya kuzaa katika lupitalo moja kwa sababu hakuwa na franka za kulipa, wiki mbili, akinyonyesha bila kula vya kutosha. Njaa ya namna hiyo haihitaji bunduki, na mtoto yule aliyenyonya alikuwa wa kizazi cha tatu.

Katika parokia kazi yetu ni ndogo. Kila Alhamisi mama wa jumuiya wanaleta watoto katika salle nyuma ya kanisa. Kuna mzani wa kutundika, utepe wa kupimia mkono, na sufuria ya uji wa soya, mahindi na karanga. Mtoto ambaye utepe umefika kwenye rangi nyekundu anapelekwa siku ileile. Mama yule aliyezaliwa kambini ndiye anayeshika daftari. Anaandika uzito wa mtoto, kisha anauliza swali ambalo hatukumfundisha: "Na bibi yake alitokea wapi?" Mwanzoni mama wengine walikasirika, wakifikiri anatafuta kabila. Sasa wanamwelewa.

Yule mzee wa baraza alikuja tulipokuwa tukimaliza ukurasa huu. Hakusema kama amekubali au hakukubali. Aliuliza kama kitabu cha maziko cha miaka ile bado kinaweza kuongezwa. Kisha alitaja majina mawili, watoto wa dada yake, mmoja wa miaka minne, mwingine wa miezi saba, waliokufa katika 1961 wakati hakukuwa na padri wa kuwaandika. Padri Paroko ameruhusu. Tumeyaandika pembeni ya ukurasa, kwa wino mweusi, na kando yake tumeandika neno alilotuambia mzee mwenyewe: kuhara.